Siku Moja Mlangoni mwa Bandari: Fort Jesus, Mji wa Kale na Bustani ya Mama Ngina

Wageni wengi, na hata sisi wenyeji, tunaijua Mama Ngina hapa Mombasa kama mahali pa kwenda jioni: unakula muhogo, unapiga picha mbili tatu, unarudi nyumbani. Hakuna ubaya. Ila bustani ile imekaa mlangoni mwa bandari, na kila meli iendayo Kilindini hupita pale karibu kiasi cha kusoma jina lake ubavuni. Ukifika bila kupitia ngome ya Fort Jesus na Mji wa Kale kwanza, utaona meli tu; kisa chake kitakupita.

Kisiwa cha Mombasa kina bandari mbili. Ya kale iko mashariki, chini ya Ngome, kwenye mkono wa bahari unaoelekea Tudor. Kilindini iko magharibi, na ndiko ziliko gati za meli kubwa. Mwongozo huu unakutoa bandari ya kale asubuhi na kukufikisha kwenye mlango wa ile mpya jioni, sehemu kubwa kwa miguu. Mpangilio wake unafuata jua na maji, kwa hiyo usiugeuze bila sababu.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kutazama mwezi

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanachagua Jumapili kwa sababu ni Jumapili, wanafika, bahari imekimbia na harufu ya mwani imetanda.

Wavuvi wetu huhesabu maji kwa mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita 3. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na bahari husogea kidogo tu. Kwa hapa Mombasa siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hupinduka: hujaa saa nne asubuhi, hupwa saa kumi. Kila siku inayofuata, saa husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Kwa safari hii tafuta bamvua. Asubuhi utaona mwamba ulioishika Ngome ukiwa wazi hadi chini, na alasiri utakuwa Mama Ngina wakati mawimbi yanapiga ukingo na kurusha maji juu. Kama huna kalenda ya maji, tazama kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa karibu kila duka mjini: tarehe 15 hadi 17, au siku mbili tatu za mwanzo wa mwezi, zinafaa.

Aprili na Mei ni masika, na mvua ya Mombasa ikianza haina adabu. Kusi ikivuma, Juni hadi Agosti, kuna upepo na jua ni la kuvumilika. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ni tulivu lakini joto ni la kuchemsha mtu. Hapo punguza kutembea saa za mchana. Ramadhani ni wakati wake wa pekee: mchana Mji wa Kale umenyamaza na mikahawa mingi imefungwa, halafu baada ya futari barabara zinajaa mpaka usiku mkubwa. Ukija wakati huo, panga siku yako kuanzia alasiri.

Kitu kimoja zaidi kabla hujatoka nyumbani. Mamlaka ya Bandari huchapisha kwenye tovuti yake orodha ya meli zinazotarajiwa siku 14 zijazo. Itazame. Kuna siku hakuna meli inayoingia jioni, na kuna siku zinafuatana.

Hatua ya 2: Vaa na ubebe kwa akili

Mji wa Kale watu wanaishi, hawako kwenye maonyesho. Suruali ndefu au gauni la kupita magoti, mabega yamefunikwa. Akina dada mkibeba leso begani itawafaa kwa heshima, kwa jua na kwa kukalia nyasi za jioni. Viatu viwe vya kufungwa, maana ngazi za Ngome zimelainika kwa nyayo za karne nne, na mitaa mingi ya mji ina mteremko.

Beba maji kwenye chupa yako ya kudumu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye fuo na maeneo yaliyohifadhiwa. Uwe na salio kwenye M-Pesa kwa kiingilio, na noti ndogo ndogo kwa kahawa na tuktuk. Usimpe muuza kahawa noti ya elfu moja, tafadhali.

Hatua ya 3: Ingia kisiwani mapema

Ukitoka Nyali au Kisauni utapita daraja la Nyali. Ukitoka kusini ni feri ya Likoni. Ukija kwa treni utashukia Miritini, nje ya kisiwa, kisha matatu za mjini. Njia hiyo ya bara hupita Makupa. Zamani pale palikuwa na tuta lililoziba maji yasizunguke kisiwa. Tangu 2022 kuna daraja, na maji yanapita chini yake. Tumekuwa kisiwa kamili tena, ingawa aliyekwama kwenye foleni ya Makupa huenda asione cha kufurahia.

Mwambie makanga akushushe Posta, kisha shika barabara ya Nkrumah kwa miguu mpaka uone ukuta wa Ngome mbele yako. Uwe langoni saa tatu asubuhi. Baada ya hapo huja mabasi ya wanafunzi.

Hatua ya 4: Fort Jesus, na uanze juu

Langoni utakutana na vijana wanaojitolea kukutembeza. Wapo wanaojua historia vizuri kuliko vitabu, na wapo wanaobuni wakiwa njiani. Omba kitambulisho cha kazi, mkubaliane bei kabla ya hatua ya kwanza, umwambie una muda gani. Ukipenda kwenda peke yako, sema "ahsante, leo natembea mwenyewe" kwa sauti ya kawaida na uendelee.

Wareno walianza kuijenga 1593 na kuimaliza miaka mitatu baadaye, kwa mchoro wa fundi Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Walichagua jabali la matumbawe lililokaa mdomoni mwa bandari ya kale, kiasi kwamba chombo chochote kinachoingia lazima kipite chini ya mizinga. Ndiyo maana nakuambia uanze juu ya ukuta, jua likiwa bado changa, na uyaache makumbusho ya ndani kwa baadaye. Simama kwenye buruji linalotazama bahari. Mkono wa kushoto ni Mji wa Kale na bandari yake, ng'ambo ni Mkomani, na kulia maji yanafunguka kwenda mwambani. Kama ni bamvua na maji yamekupwa, tazama kule nje mawimbi yanakovunjika: utaona mstari mrefu wa povu jeupe, na mahali fulani povu hilo linakatika. Palipokatika ndio mlango. Vyombo vyote vilivyopata kufika Mombasa vilipita hapo, kuanzia majahazi ya kaskazi hadi meli ya makontena utakayoiona jioni. Kumbuka mahali hapo, utapatazama tena ukiwa Mama Ngina.

Kisa kikubwa cha Ngome ni kuzingirwa na Waomani, 1696 hadi 1698. Kulidumu karibu miaka mitatu. Mizinga ilikuwepo, lakini waliokuwa ndani waliuawa zaidi na maradhi na njaa. Mwaka 1697 Wareno walileta merikebu ya msaada, Santo António de Tanna; ikazama papo hapo chini ya ukuta. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977, na vitu vilivyopatikana vimo kwenye makumbusho ndani. Kwangu mimi hicho ndicho chumba cha kutulia. Vyombo vya watu ambao merikebu yao iliishia chini ya Ngome.

Baada ya hapo Ngome ilibadilisha mikono mara nyingi. Wareno waliitwaa tena kwa muda mfupi 1728 na 1729, ukoo wa Wamazrui ukaitawala kwa karibu karne moja, Waingereza wakaipiga mizinga 1875, na kuanzia 1895 wakaifanya jela mpaka 1958. Wazee waliokuwepo wakati ule walisema "kutiwa ngomeni" wakimaanisha kufungwa. Imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011.

Usiondoke bila kuona mambo matatu: kile kijia kilichochongwa kwenye jabali kuteremka kuelekea baharini, michoro ya askari wa Kireno waliokuwa wakichora meli ukutani, bila shaka kwa kuchoka, na Nyumba ya Waomani yenye kivuli kizuri. Watoto nao watataka kuona mifupa ya nyangumi. Saa moja na nusu inatosha. Wanaokaa nusu siku huishiwa nguvu kabla ya mji.

Hatua ya 5: Mji wa Kale, kwa mwendo wa wenyeji

Ukitoka langoni, shika barabara ya Sir Mbarak Hinawy, uache mtaa wa Ndia Kuu kwa kurudi. Mbele kidogo utauona mnara mweupe unaonyooka ukipungua kuelekea juu: ni msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa 1570, kabla ya Ngome yenyewe. Bado unaswaliwa kila siku. Kama wewe si Mwislamu, tazama kutoka nje, au muulize mzee aliyekaa barazani kama inafaa kuingia. Ibn Battuta aliyepita Mombasa 1331 aliandika kwamba kila mlango wa msikiti ulikuwa na kisima, na watu waliosha miguu kabla ya kuingia. Angefufuka leo, hilo asingeliona geni.

Salamu ndiyo ufunguo hapa. Kwa wazee "sabalkheri" au "shikamoo", na mkono ukinyooshewa pokea. Mzee ni mzee au ami, mama ni bi. Picha za milango ya kuchonga na roshani za mbao piga utakavyo. Watu waombe kwanza, na watoto waombewe kwa wazazi wao. Mlango ulio wazi bado ni mlango wa mtu.

Barabara hiyo itakutoa kwenye uwanja wa bandari ya kale. Majahazi yamepungua, usitarajie msitu wa milingoti. Lakini aghalabu vimo vyombo vichache vinavyopakia bidhaa za kwenda kaskazi, na soko la samaki liko jirani. Asubuhi ndio wakati wake: changu, tafi, nguru mnene kama mguu wa mtu, na mnada unaokwenda kasi kiasi kwamba mgeni hajui nani kanunua nini. Kabla ya kuinua simu kupiga picha gatini, muulize askari wa zamu.

Kaskazini kidogo iko nyumba ya Leven, na ngazi zake zinazoteremka majini. Jina ni la manowari ya Kiingereza, HMS Leven. Mwaka 1824 Wamazrui, wakimwogopa Seyyid Said wa Oman, walimwomba nahodha Owen awainulie bendera ya Uingereza. Owen akakubali bila kusubiri ruhusa ya serikali yake, akamwacha luteni Reitz kuwa gavana. Reitz alifariki mwaka huo huo, na 1826 London ikaamuru bendera ishushwe. Miaka miwili tu! Kilichobaki ni jina la Port Reitz, ambalo watu wa matatu hulitaja kutwa bila kumjua mwenyewe.

Rudi kwa Ndia Kuu, polepole. Ukisikia vikombe vinagonganishwa, ni muuza kahawa tungu. Dele lake la shaba lina makaa chini, na vikombe havina mkono. Anamimina kiasi cha mafunda matatu, nyeusi, ya moto, yenye tangawizi. Chukua na kashata au tende, kaa barazani unywe hapo hapo; hiyo haibebwi. Ukimaliza, kikombe kinarudi kwa mwenyewe, naye akikuuliza "nikuongeze?" kubali. Mazungumzo ya barazani huanza kwenye kikombe cha pili.

Kutoka hapo mpaka Marikiti na mtaa wa Biashara ni mwendo mfupi. Viungo Marikiti, leso Biashara. Ukinunua leso, soma jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kulipa. Usije ukamletea mama mkwe maneno ya kumtafutia ugomvi.

Hatua ya 6: Jua la mchana likuache umekaa

Kuanzia saa sita hadi saa nane unusu usitembee. Kula pilau, au wali wa nazi na samaki wa kupaka, kwenye mkahawa wowote uliojaa wenyeji. Ijumaa fahamu kwamba maduka mengi hufungwa kwa swala, na barabara karibu na misikiti hujaa.

Hatua ya 7: Vuka feri, urudi

Mnamo saa nane unusu chukua tuktuk mpaka Feri. Patana bei kabla ya kupanda, na uulize bei kwa watu wawili tofauti kwanza. Watembea kwa miguu hawalipi feri. Panda, vuka mpaka Likoni, shuka, rudi na inayofuata. Yote huchukua chini ya saa moja ukienda wakati huo. Ukichelewa mpaka saa kumi na moja utakutana na maelfu ya watu wanaorudi nyumbani na huo hautakuwa utalii.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu hapa uko katikati ya mfereji wenyewe. Kulia kwako ukienda Likoni ni gati na kreni za Kilindini, kushoto ni bahari kuu. Feri husimama kupisha meli, na meli ya makontena ikikupita mbele ukiwa usawa wa maji, ndipo utaelewa kwa nini bandari ya kale ilikufa. Hakuna namna chombo kama kile kingegeuka chini ya Ngome. Gati za kwanza za maji marefu Kilindini zilikuwa tayari 1926, na tangu hapo biashara ikahama upande.

Simu iwe mfukoni. Kupiga picha kwenye feri hakuruhusiwi, na askari wanamaanisha.

Hatua ya 8: Mama Ngina, kutoka Feri kwenda Laithausi

Ukirudi kisiwani, usipande tuktuk. Tembea kushika ukingo wa bahari kuelekea mashariki; bustani inaanza karibu. Wengi huingia kwa upande wa pili, wa Kizingo, kuliko Laithausi (mnara wa taa wa kuongozea meli), wakatembea jua likiwachoma usoni. Ukianzia Feri saa tisa unusu au saa kumi, jua liko mgongoni mwako na linashuka nyuma, na njia nzima iko mbele yako yenye mwanga.

Zamani barabara hii iliitwa Azania Drive. Ikapewa jina la Mama Ngina Kenyatta, mke wa rais wa kwanza. Kwa miaka mingi ilikuwa barabara tu na ukingo, mibuyu, na magari yaliyoegeshwa yakitazama bahari. Mwaka 2019 serikali iliikarabati ekari 26 hivi: njia za miguu, viti, taa, vibanda vya wauzaji, na sehemu ya maonyesho. Sherehe za Mashujaa za mwaka huo, Oktoba 20, zilifanyika hapo hapo. Wapo waliolalamika kwamba imepoteza ule upori wake. Mimi naona akina mama wenye watoto wadogo na wazee wa mikongojo wamepata pa kukaa, na hilo linanitosha.

Tembea bila haraka. Mibuyu ile ina umri mkubwa kuliko majengo yote unayoyaona. Mingine imekatwa herufi za wapenzi walioachana zamani, usiongeze zako. Upande wa uwanja wa gofu kuna magofu ya ngome ndogo ya Kireno, St. Joseph, iliyosaidiana na Fort Jesus kulinda mlango. Ni mawe tu yaliyobaki, lakini simama pale ukitazama nje: lile pengo la povu uliloliona asubuhi kutoka Ngome sasa liko mbele yako, na utaona namna meli inavyoingia kwalo, kisha inakata kuelekea mfereji wa Kilindini huku boti za kuvuta zikiifuata. Ngome moja kila mlango. Wareno hawakuwa wajinga.

Usishuke miambani. Ukingo ni wa matumbawe makali, mawimbi ya bamvua huvuta, na mkondo wa mfereji una nguvu. Kama unataka kuogelea, fuo ziko Nyali, Bamburi na Diani. Kadhalika, karibu na Ikulu usielekeze kamera.

Kisha chakula, maana hukuja kutazama maji tu. Muhogo wa kuchoma: muuzaji anaupasua katikati ungali moto, anapaka ndimu iliyochovywa kwenye chumvi na pilipili ya unga, anaupitisha mara mbili kwa nguvu hadi nyama yake inanywa. Mwambie "pilipili kidogo" kama hujazoea. "Kidogo" ya Mombasa bado itakutoa machozi. Kuna viazi karai na ukwaju, kachri za muhogo, mabuyu mekundu ya kuchafua vidole. Dafu mwambie unataka la maji au la nyama, naye atalipigapiga kwa panga kukusikilizia kabla ya kulichonga. Bei huulizwa kabla ya kuchongwa. Likishachongwa huna nguvu tena.

Wikendi jioni panajaa sana, hasa Jumapili na siku za Idd, watoto wa baiskeli za kukodi kila mahali. Ukipenda utulivu njoo Jumanne au Jumatano. Fika upande wa Laithausi mnamo saa kumi na mbili, tandaza leso yako. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika 40 mwaka mzima, upande wa Likoni, na giza huingia upesi.

Hatua ya 9: Kurudi

Tuktuk hukusanyika karibu na vibanda vya chakula. Bei ya kwenda mjini usiku huwa juu kidogo kuliko mchana, na mkiwa watatu mnagawana. Anayekwenda kusini arudi Feri kwa njia ile ile aliyojia, taa zinawaka; akae upande wenye watu na simu aiweke ndani ya mfuko. Wa Nyali na Kisauni wapande tuktuk mpaka Posta, matatu zinapatikana mpaka usiku. Takataka zako peleka kwenye pipa, na dafu tupu mrudishie muuzaji.